Kielezo cha Mwanasesere wa Uzi

Wasomaji wengi wamepata kuona wanasesere waliofumwa kwa uzi wa sufu, ama kwa sindano mbili, ama kwa sindano moja yenye kulabu, kazi ambayo wengi huiita kroshia. Lakini watu hudhani ya kuwa mfumaji mwema hufuata mkono wake tu. Sivyo. Kazi hii ina hesabu, na hesabu hiyo ikiandikwa huitwa kielezo.

Mimi nilijua jambo hili kwa hasara. Mke wangu na jirani zake waliagizwa na mchuuzi mmoja wanasesere 20 walio sawasawa. Kielezo chao kilikuwa cha mdomo: "Fuma kichwa kama ngumi." Ngumi za watu si sawa! Mchuuzi alipokuja alichukua 7, akawaacha 13, na fedha ya uzi imekwisha toka. Jioni ile nikatwaa daftari; mke wangu akafuma, mimi nikahesabu.

Kichwa huanzwa kwa kulabu, vitanzi 6 katika pete ndogo. Mzunguko wa pili, juu ya kila kitanzi hufumwa viwili, vikawa 12. Wa tatu, juu ya kimoja hufumwa kimoja, juu ya cha pili viwili, vikawa 18. Basi huongezwa 6 kila mzunguko, 24, 30, hata 36. Hapo hufumwa mizunguko 6 pasipo kuongeza, kisha hupunguzwa 6 kila mara kwa kuunganisha vitanzi viwili kuwa kimoja. Vikisalia 12, kichwa hujazwa sufi, ndipo tundu lifungwe.

Kwa nini 6, wala si 4 wala 9? Walimu watafahamu upesi. Kitanzi kifupi cha kulabu, kimo chake na upana wake hukaribia kuwa sawa. Kila mzunguko mpya hurefusha nusu ya kipenyo kwa kimo cha kitanzi kimoja, na ukingo wa duara hurefuka mara 2 ya 22/7, yaani 6 na 2/7. Kwa hiyo 6 hutosha. Ukiongeza vichache, kazi huinuka kama kikombe. Ukiongeza vingi mno, hujikunjakunja kama jani la kabichi. Hata kosa hili la pili lina heshima yake: mwaka 1997 Bibi Daina Taimina, mtaalamu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alifuma kwa makusudi vitambaa vya namna hiyo, ili wanafunzi washike mikononi maumbo yasiyoweza kulazwa juu ya karatasi.

Mikono na miguu ni mirija tu, haina maneno mengi. Ila kielezo kitaje unene wa uzi na ukubwa wa sindano, kwa maana hesabu ile ile kwa uzi mnene huzaa mwanasesere mkubwa zaidi. Sindano iwe ndogo kuliko ya kufumia sweta, vitanzi vikaze, la sivyo sufi hutokeza nje. Ndivyo wafanyavyo Wajapani, ambao wanasesere wao, amigurumi, wamejulikana duniani pote. Tena, kwa kuwa mizunguko hufuatana kama gamba la konokono, kitanzi cha kwanza kitiwe uzi wa rangi nyingine kila mara, mfumaji asipotee.

Limebaki jambo la macho. Mke wangu alipenda shanga, kwani hung'aa. Siku moja tukamkuta mtoto wetu ameng'oa moja, ameitia kinywani; tuliitoa kwa kidole, naye alikuwa amekwisha anza kukohoa. Sheria za nchi za Ulaya na za Marekani hukataza vipande vidogo viwezavyo kung'oka katika vitu vya kuchezea vya watoto wasiotimiza miaka 3. Usiku ule tuliwang'oa macho wale 13 wote, na katika daftari nikaandika juu kabisa, kabla ya hesabu ya kichwa: Macho yatariziwe kwa uzi mweusi.