Kutoka Mtaro wa Santuri hadi Faili la Kompyuta: Kazi ya Kuuhifadhi Muziki wa Kiarabu

Muziki uliositawi Cairo, Beirut na Aleppo katika nusu ya pili ya karne ya 19 na miongo ya mwanzo ya karne ya 20, zama ambazo wanahistoria wa Kiarabu huziita Nahda, yaani mwamko, ulirithishwa kwa sikio zaidi kuliko kwa karatasi, kwa kuwa mwanafunzi alimfuata mwalimu wake kutoka arusi moja hadi nyingine mpaka nyimbo zikamkaa moyoni. Kwa sababu hiyo, mtu anayetaka kujua leo namna mabingwa kama Yusuf al-Manyalawi, aliyefariki mwaka 1911, na Abd al-Hayy Hilmi, aliyemfuata mwaka 1912, walivyoimba hasa, hana pa kukimbilia ila kwenye santuri zilizoanza kurekodiwa kwa wingi tangu mwaka 1903 hivi na kampuni kama Gramophone ya Uingereza, Odeon ya Ujerumani na Baidaphon, ambayo ilikuwa mali ya ukoo wa Baida wa Beirut ingawa santuri zake zilichapwa Berlin. Kampuni hizo hazikuwa na nia ya kumhifadhia mtu urithi. Zilitaka soko, na hesabu zao za faida ndizo zilizoamua ni sauti ipi ingesikika karne moja baadaye na ipi ingezikwa pamoja na mwenyewe.

Santuri ya zama hizo si plastiki. Ni mchanganyiko wa unga wa mawe, masizi na shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wa India na nchi jirani, ambao pia ulitumika kutengenezea lakiri ya kupigia mihuri ya barua. Kitu hicho ni kigumu lakini huvunjika kama sahani ya udongo, na kwa kuwa shelaki huyeyuka ndani ya spiriti, fundi anayeisafisha kabla ya kuinakili hana budi kuepuka dawa yoyote yenye kileo na kutumia maji yaliyochujwa chumvi pamoja na sabuni laini, akipitisha brashi kwa kufuata mzunguko wa mitaro na kuilinda lebo ya karatasi isilowe. Sindano nayo lazima ichaguliwe, maana mtaro wa santuri hizi ni mpana karibu mara tatu kuliko ule wa santuri za baadaye, na sindano nyembamba itaburura chini kabisa, mahali palipojaa vumbi na mikwaruzo, badala ya kuegemea kuta zenye sauti. Baada ya hapo sauti hugeuzwa kuwa namba: kompyuta huipima mara 96,000 kwa sekunde moja katika maktaba nyingi za sauti, na faili la kwanza huhifadhiwa pamoja na michirizo yake yote, bila kusafishwa, ili mtaalamu wa kizazi kijacho mwenye programu bora zaidi apate mahali pa kuanzia. Nakala iliyosafishwa kwa ajili ya wasikilizaji ni faili jingine.

Hadi hapo kazi ni ya fundi. Kazi ya msikilizaji, ambayo ndiyo nzito, huanza na swali linaloonekana dogo, nalo ni kasi ya kuizungusha santuri. Ingawa vitabu huzitaja kuwa santuri za mizunguko 78 kwa dakika, mitambo ya mwanzo ilitofautiana sana, na tofauti ya asilimia 6 hupandisha au kushusha wimbo mzima kwa nusu sauti, huku asilimia 3 ikitosha kuusogeza kwa robo sauti. Mzee wa miaka 60 hugeuka kijana, na pigo la dufu lililokuwa la utulivu huwa la haraka. Hakuna mashine inayoweza kuamua peke yake kasi iliyo sahihi. Anayeamua ni mtu anayejua nyuzi za udi na fidla hulia vipi zinapopigwa wazi bila kubanwa kidole, anayejua waimbaji wa wakati ule walipenda kuanzia wapi, na anayeweza kulinganisha mwisho wa upande wa kwanza na mwanzo wa upande wa pili.

Ujuzi huohuo unahitajika katika kuitambua maqam, yaani mfumo wa sauti na mienendo yake ambao wimbo hujengwa juu yake. (Neno hilo maana yake ya asili ni mahali pa kusimama, na ndilo lililowapa Waswahili makamu, kama lilivyotoka shina moja na kaimu.) Katika maqam ya rast, sauti ya tatu hukaa kati ya kibonye cheusi na cheupe cha piano, wala si katikati kamili, na mwanamuziki wa Cairo haiweki pale anapoiweka mwenzake wa Istanbul. Programu nyingi za kuchambua muziki zilibuniwa kwa kufuata sauti 12 za piano, na kwa hiyo huihesabu sauti hiyo kuwa imekosewa na kuisukuma kwenye kibonye kilicho karibu. Mradi wa CompMusic, ulioendeshwa na Universitat Pompeu Fabra ya Barcelona kati ya mwaka 2011 na 2017, ulishika njia ya kinyume: kompyuta ilipewa rekodi za muziki wa Kiandalusi wa Morocco na za mila nyingine nne za Asia, ikaelekezwa kwanza kuitafuta sauti ya msingi ya kila wimbo, kisha kuzipima nyingine zote kutoka hapo.

Mzozo huo kati ya piano na maqam ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1932 Mfalme Fuad wa Misri aliitisha Kongamano la Muziki wa Kiarabu mjini Cairo, ambako wataalamu wa muziki kutoka Ulaya, Béla Bartók, Paul Hindemith na Curt Sachs, walikaa meza moja na wanamuziki wa Iraq, Syria na Maghribi, na ikatokea jambo la ajabu kidogo, kwamba baadhi ya Wamisri waliitetea piano kwa jina la maendeleo ilhali baadhi ya Wazungu waliikataa kwa jina la urithi. Kuhusu piano hakukuwa na suluhu, lakini kamati ya kurekodi iliyoongozwa na Robert Lachmann iliacha santuri zilizokusanya pamoja kundi la Muhammad al-Qubbanji kutoka Baghdad, muziki wa Kiandalusi wa Tlemcen, na hata ngoma za zar za kupunga pepo. Seti chache tu zilitengenezwa. Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ilizitoa upya mwaka 2015 katika diski 18, na msikilizaji wa kawaida akaweza kuyapata yaliyokuwa yakifikiwa na watafiti wachache tu.

Nchini Lebanon, wakfu wa AMAR, ulioanzishwa mwaka 2009 na Kamal Kassar, una santuri zipatazo 7,000, na kiini chake ni mkusanyo wa Mmisri mmoja, Abdel Aziz Anani. Huko ndiko inakoonekana tofauti kati ya kuhifadhi sauti na kuandika kumbukumbu zake. Dawr, wimbo mrefu wa Kimisri unaompa mwimbaji nafasi ya kubuni papo kwa papo, barazani uliweza kuchukua nusu saa na zaidi, lakini upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu au nne tu, hivyo wimbo ukakatwa vipande na kugawanywa katika pande kadhaa. Kompyuta huviona kuwa mafaili mbalimbali yasiyojuana. Jina la mwimbaji mmoja, likiandikwa kwa herufi za Kilatini, huwa na tahajia nne au tano, na lebo ikichakaa, ushahidi unaobaki huwa ni sauti ya mtangazaji ambaye mara nyingi hutaja kampuni na mwimbaji kabla ala hazijaanza.

Pwani ya Afrika Mashariki si mgeni wa habari hizi. Sultani Barghash wa Zanzibar alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo kujifunza kupiga ala ya kanuni, klabu ya muziki ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905 kwa kufuata mtindo wa Misri, na mwimbaji Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya Gramophone, sauti yake iliingia katika shelaki ileile na kukumbwa na matatizo yaleyale ya kasi, lebo na majina. Anayezinakili santuri zake leo anahitaji sikio linalokijua Kiswahili cha Unguja pamoja na maqam.

Katika orodha za maktaba hizi kuna mistari mitupu. Wimbo uliorekodiwa katika pande nne unapopatikana pande tatu, ule uliokosekana hupewa namba yake mahali pake, kati ya wa pili na wa nne, na faili lake huachwa bila sauti hadi siku santuri hiyo itakapotokea katika sanduku la mtu, Aleppo au Mombasa.