Siku za Kuchunga Ng'ombe kwa Zamu

Msomaji, ikiwa nawe ulikulia katika skimu, bila shaka umewaambia watoto wako mara nyingi ya kwamba zamani maisha yalikuwa mepesi. Mimi pia husema hivyo, hasa jioni, ninapomwona mtoto ameinamia simu huku ndama analia zizini. Lakini siku moja mjukuu wangu aliniuliza swali lililonifunga mdomo. "Babu," alisema, "kama maisha yalikuwa mepesi, mbona ulimaliza darasa la saba ukiwa na miaka 16?"

Sikumjibu siku ile. Nimefikiri tangu wakati huo, na jibu langu ni hili hapa. Naliandika kwako wewe mkulima wa skimu kwa sababu naona linahusu boma lako pia.

Nilizaliwa Maragoli mwaka 1957. Wenye kuijua Maragoli wanajua ya kwamba ardhi huko ilikuwa imekwisha gawanywa vipande vidogo sana hata kabla yangu. Mbuzi alifungwa kamba mguuni, na ng'ombe wetu wawili wa kienyeji walikula majani ya kando ya njia. Mwaka 1964 baba alipata shamba la eka 15 huko Lugari. Ulikuwa wakati wa ule mpango mkubwa ulioanza mwaka 1962, wa kununua mashamba ya walowezi yapatayo eka milioni moja na kuwagawia Waafrika. Jamaa kama 35,000 walipata makao kwa njia hiyo. Tulisafiri kwa lori kupitia Kakamega na Broderick Falls, mji ambao sasa waitwa Webuye. Nilikaa juu ya mabati ya nyumba yetu, nimepakata kuku, na nyanya alishikilia mapajani mwake mahindi ya mbegu kama mtu ashikaye mtoto mchanga.

Ardhi ililipwa kwa mkopo wa miaka 30. Baba alihesabu kwa vidole, akatuambia ya kwamba deni litakwisha mwaka 1994, na sisi watoto tukacheka, kwa maana hapana mtu aliyeamini ya kwamba mwaka kama huo utafika. Mkopo mwingine ulimnunua ng'ombe wa gredi, Ayrshire mwekundu mwenye mabaka meupe. Baba hakuwa mtu wa mzaha mwingi, lakini ng'ombe yule alimwita Mkopo. Alipozaa ndama jike, tukamwita Riba.

Mashamba yale yalikuwa na mipaka kwenye karatasi ya mpimaji, lakini hayakuwa na ua. Uzio wa mlowezi ulizunguka shamba lake lote kubwa. Sisi tuliogawiwa ndani yake hatukuwa na waya kati ya jirani na jirani. Kwa hiyo ng'ombe alihitaji mtu wa kumfuata mchana kutwa, asiingie katika mahindi ya watu. Mtu huyo alikuwa ni mtoto. Kaka yangu na mimi tulichunga kwa zamu: Jumatatu yeye shule na mimi malishoni, Jumanne mimi shule na yeye malishoni. Mwalimu akifundisha kujumlisha siku yangu, kutoa kulifika siku ya kaka. Usiku tulijaribu kufundishana karibu na moto, lakini kila mmoja alijua nusu ya jambo tu. Darasa la kwanza nilikaa miaka mitatu.

Hata hivyo sitakudanganya ya kwamba malishoni hatukujifunza kitu. Tulitengeneza mpira wa matambara ya magunia, maana migomba ya kutupa majani makavu haikuwa imekua bado. Tulichoma mahindi, mengine ya nyumbani na mengine, naona haya kusema, si ya nyumbani. Lakini kutwa nzima macho yetu yalikuwa juu ya ng'ombe. Tulijua yupi hatafuni cheu kama jana. Tulijua ya kwamba majani machanga yenye umande mwingi yaweza kumfurisha tumbo, basi asubuhi tulimpitisha kwanza penye majani makavu. Ng'ombe walipolala mchana karibu na boma, kuku walikuja kuwadonoa kupe, nasi tulijua ni wapi kupe hukaa: ndani ya sikio, chini ya mkia, kwenye kiwele na katikati ya mapaja.

Tena tulijua siku ng'ombe atakapo dume. Mtoto wa miaka minane hakuambiwa jambo hilo na mtu yeyote, lakini aliona kwa macho yake: ng'ombe hutulia akipandwa na wenzake, hulia ovyo, hutoa ute mweupe kama wa yai. Tulimwendea baba na kusema tu, "Mkopo amesimama," naye alielewa. Ikiwa tulimwambia asubuhi, alimpeleka kwa dume jioni ile ile. Ikiwa ni jioni, alimpeleka asubuhi iliyofuata. Hiyo ndiyo kanuni ambayo hata leo mpandishaji wa mbegu kwa mrija atakuambia uifuate. Ukiikosa siku hiyo, wangoja siku 21 nyingine, na ng'ombe anakula bure.

Sasa nitakueleza habari ya Riba.

Kila wiki tulipeleka ng'ombe joshoni. Kwa ng'ombe wetu wa Maragoli, kupe walikuwa udhia tu, kwa sababu ng'ombe wa kienyeji wa mahali penye ndigana huipata wakiwa wadogo, na wengi wakipona hukaa na kinga. Ng'ombe wa gredi hana kinga hiyo. Kupe wa masikio, yule mwenye rangi ya kahawia, akimuuma baada ya kunyonya ng'ombe mgonjwa, kifo ki karibu. Lakini kupe huyo hatoi ugonjwa pale pale aumapo. Lazima ashike na kunyonya kwa siku tatu au nne kwanza, ndipo vijidudu vikomae mateni mwake na kuingia katika damu ya ng'ombe. Ndiyo sababu ya kuogesha kila wiki bila kuruka: dawa huwakuta wengi wao kabla hawajamaliza kazi yao, na iliyobaki juu ya nywele huwangoja wanaokuja. Ukiruka wiki moja, umewapa siku kumi na nne.

Mimi niliruka wiki moja. Ilikuwa mwaka 1966, siku ya zamu yangu. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya joshoni ilikuwa tope tupu, na wenzangu walikuwa na mchezo chini ya mti. Nilimmwagia Riba maji ya mtoni mgongoni ili aonekane ameloa, nikarudi nyumbani jioni. Baba aliuliza, "Wameoga?" Nikasema, "Wameoga."

Baada ya wiki tatu hivi Riba aliacha kunyonya. Chini ya sikio palikuwa na uvimbe kama yai la njiwa, na mwingine mbele ya bega. Mwili ulikuwa wa moto. Siku zilizofuata alikohoa, akapumua kwa shida, povu jeupe likatoka puani. Afisa wa Mifugo alikuja kwa baiskeli, akampapasa, akatikisa kichwa. Miaka ile hapakuwa na dawa ya kuponya ndigana ikiisha kushika. Dawa za namna hiyo zilianza kupatikana katika miaka ya 1980. Riba alikufa usiku. Nyanya alisema ni jicho la mtu. Nilinyamaza, nikamwacha jirani asiye na hatia alaumiwe moyoni mwa nyanya yangu.

Tafadhali usidhani ya kwamba ndama yule alikuwa kitu kidogo. Baba alikuwa ametegemea ya kwamba Riba akikua na kuzaa, maziwa ya Mkopo yatakuwa ya nyumbani na ya Riba yatakuwa ya deni. Mwaka ule hatukulipa sawasawa, barua ikaja, na kaka akaacha shule kwa muda kwa sababu karo haikuwapo. Karo ya darasa la kwanza hadi la nne ilifutwa mwaka 1974, mwaka mmoja baada ya mimi kumaliza la saba. Ndivyo ilivyokuwa bahati yetu.

Mwaka 1967 mahindi yalikuwa mema. Baba alikuwa amekubali kupanda mbegu ya haibridi 611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964, ijapokuwa nyanya alinuna kwa sababu mbegu hiyo haifai kuwekwa juu ya moshi wa jiko na kupandwa tena mwaka ujao kama yake. Fedha ya mahindi ilinunua seng'enge. Upande wa barabara haikutosha, basi pale tulipanda kayaba. Siku uzio ulipofungwa baba alimwingiza Mkopo ndani, akafunga lango, akatutazama sisi wawili. Hakutoa hotuba yoyote. "Kesho nendeni shule nyote," alisema.

Kwa hiyo, mjukuu wangu, jibu ni hilo: nilichelewa kwa sababu ya ng'ombe, na waya ndio ulionifungua. Nikisikia mtu akisema ya kwamba watoto wa zamani walikuwa na adabu kwa sababu walichunga, hukumbuka pia ya kwamba wengi wao hawakujua kuandika majina yao.

Tena uzio uliwafungua wavulana tu. Dada yangu alikwenda mtoni mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni, na njiani alichuma mrenda na mnavu wa mboga. Hapana seng'enge iliyoweza kumsaidia yeye. Aliacha shule darasa la tatu. Paa letu la mabati lilikuwa pale pale miaka yote, mvua ikimwagika ukutani na kuchimba mashimo, na hapana hata mmoja wetu aliyefikiri kuikinga. Mama ndiye aliyenunua mapipa mwaka 1975 kwa fedha ya mayai, akamwagiza fundi aweke mfereji chini ya paa. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 30 za mraba, ikinyesha milimita 20, laweza kutoa lita 600, yaani mapipa matatu ya lita 200. Wakati huo dada alikuwa amekwisha olewa. Akija kututembelea huyatazama mapipa yale, na sijui huwaza nini.

Sasa tazama boma lako. Eka 15 za baba leo ni vipande vitano. Ng'ombe wangu wawili hawatoki nje. Hukatiwa nyasi za napia na kuletewa bandani. Mtoto yuko shuleni kila siku, na ni vizuri. Lakini yule mtu aliyekuwa akimtazama ng'ombe kutwa hayupo tena, na hatukumweka mwingine mahali pake. Ng'ombe anayekaa peke yake bandani hana mwenzake wa kumpanda, basi dalili zake ni chache na hupita usiku. Jirani yangu alilalamika ya kwamba ng'ombe wake ni tasa. Nilimwuliza ni nani humtazama. Alisema, "Kijana humpa chakula." Kumpa chakula si kumtazama.

Nyumbani kwangu tumefanya hivi. Mjukuu hukaa na ng'ombe nusu saa kabla ya kwenda shule na nusu saa jioni, wala hapewi kazi nyingine wakati huo. Ana daftari. Huandika kama ng'ombe amekula, kama anacheua, kama kuna ute, na tarehe. Jumamosi humpapasa chini ya masikio na mbele ya mabega, na kutafuta kupe katika zile sehemu tulizozijua sisi. Maana usidhani ya kwamba ng'ombe wa bandani hapati kupe. Hufuata majani yaliyokatwa kando ya barabara. Ukikuta uvimbe na homa, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwani dawa zilizopo siku hizi hufaa zikitolewa mapema. Kuna chanjo pia, iliyotokana na kazi iliyofanywa Muguga. Mwulize daktari kama yapatikana kwenu. Kama shule ya watoto wako ina chama cha 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, mwandikishe. Vyama hivyo vilianza mwaka 1962, vikafifia, vikafufuliwa mwaka 2021, na huko mtoto hujifunza kazi hii pamoja na wenzake badala ya kuiona ni adhabu.

Mjukuu alipoanza daftari lake nilimweleza habari ya Riba, na ya kwamba mwaka 1983 nilimwungamia baba. Alikuwa mzee, amekaa kivulini akipukuchua mahindi. Nilimwambia ya kwamba siku ile hawakuoga, nilimwagia maji ya mto.

Baba aliendelea kupukuchua. "Karani wa josho alikuwa na daftari," alisema. "Nilipita kwake kesho yake. Namba yetu haikuwa na alama."

Nikamwuliza kwa nini basi hakunipiga.

"Kwa sababu nilijua hawakuoga," alisema, "nami nikangoja wiki nyingine, kwa kuwa njia ilikuwa na tope."