Nukta iliyoangusha majina ya Sweden

Usiku wa Jumatatu, Oktoba 12, 2009, tovuti zinazoishia na .se, kikoa cha taifa la Sweden, zilianza kupotea moja baada ya nyingine. Kompyuta zilizozihifadhi zilikuwa nzima, umeme ulikuwapo na hakuna waya uliokatika. Kilichokosekana ni nukta. Skripti ya kusasisha faili la majina ilikuwa imepangwa vibaya, haikuweka nukta mwishoni mwa majina, na faili likatoka hivyo hivyo. Majina yapatayo laki tisa yakawa hayapatikani, barua pepe nazo zikakwama.

Wasimamizi wa kikoa hicho walisahihisha kosa ndani ya saa moja hivi. Kelele hazikuisha hapo. Watoa huduma za intaneti walikwisha kuchukua nakala mbovu, wakawa wanaendelea kuwagawia wateja wao majibu yale yale ya uongo hadi muda wake wa kuhifadhiwa uishe au fundi wao aamue kusafisha kache, yaani hifadhi ya muda, kwa mkono.

Hapa ndipo kazi ya seva ya majina, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani, inapotofautiana na kazi nyingine za fundi mitambo. Ukiharibu tovuti, unairudisha na mambo yanakwisha. Ukiharibu seva ya majina, kosa lako linakwenda kulala kwenye mashine za watu usiowajua, na huko huna mamlaka ya kuligusa.

Chukua programu ya seva ya majina iitwayo BIND, ambayo mafundi wa Unix na Linux wameishi nayo muda mrefu kuliko nyingine yoyote ya aina hii. Iliandikwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siku hizi iko chini ya ISC, shirika lisilo la kibiashara, na kizazi chake cha tisa kilianza kutumika mwaka 2000. Kuisasisha kwenye Debian au Red Hat ni amri moja tu, tena fupi. Kinachomtoa mtu jasho ni mafaili aliyoyarithi.

Nukta ile, kwa mfano. Ndani ya faili la kanda, lile linaloorodhesha majina ya kikoa, jina lisilo na nukta mwishoni huhesabiwa kuwa ni nusu ya jina, na seva hulimalizia kwa kubandika jina la kikoa. Andika barua.mfano.co.tz ukaiacha nukta, dunia itaambiwa barua.mfano.co.tz.mfano.co.tz. Kwa seva hilo ni jina halali kabisa, kwa hiyo itawaka bila kulalamika.

Kuna wanaosema: mtambo ukifanya kazi, usiuguse. Kwa seva ya majina ushauri huo ni hatari. Julai 8, 2008, kampuni nyingi zilitoa marekebisho kwa pamoja, baada ya mtafiti wa usalama Dan Kaminsky kugundua njia ya kupenyeza majibu ya uongo kwenye kache. Kila swali la seva lilikuwa na namba ya utambulisho, lakini namba hizo ni 65,536 tu, na mshambuliaji mwenye haraka aliweza kubahatisha. Dawa ikawa kila swali litokee pia kwenye mlango (port) unaochaguliwa kwa bahati nasibu. Sasa sikiliza: wengi walikuwa na mstari wa zamani katika mipangilio yao, query-source port 53, uliowekwa enzi hizo ili kurahisisha kazi ya ngome ya mtandao. Waliweka toleo jipya, mstari wakauacha, na maswali yakaendelea kutoka mlango ule ule mmoja. Dawa imenunuliwa, imebaki kwenye chupa.

Wakati mwingine kinyume chake hutokea, yaani toleo jipya linakataa faili la zamani. BIND 9.20, iliyotoka mwaka 2024, imeondoa kabisa agizo la auto-dnssec, la kusaini majina kidijitali, na nafasi yake imechukuliwa na dnssec-policy. Aliyezoea kusaini majina yake kwa njia ile ya kale akipandisha toleo bila kusoma maelezo yake, seva haiwaki. Ndiyo maana amri ya named-checkconf, inayokagua mipangilio, inapaswa kuendeshwa kwa toleo jipya, juu ya nakala ya mafaili, kabla ya seva halisi kuguswa. Mwenzake, named-checkzone, hukagua faili la kanda. Lisome tokeo lake kwa macho yako, kwa sababu jina lililojirudia mara mbili linaweza kupita likichekelea.

Namba ya mfululizo ya faili la kanda, inayopandishwa kila faili linapobadilishwa, nayo ina visa vyake. Wengi huiandika kwa tarehe, kama 2025031401, na seva msaidizi, ile inayobeba nakala ya kanda, huilinganisha na yake kabla ya kuchukua nakala. Kidole kikiteleza ukaandika 2052 badala ya 2025, msaidizi atachukua hiyo, kisha ukirudi kwenye tarehe sahihi, marekebisho yako yote yanayofuata atayaona ya zamani na kuyapuuza. Seva mbili za kikoa kimoja zitajibu tofauti, na mteja atakwambia tovuti inakuja na kupotea.

Kama anwani zenyewe zinahama, kazi huanza siku mbili kabla. Muda wa kuhifadhi ukiwa sekunde 86,400, yaani saa 24, ushushe hadi 300, kisha subiri zile saa 24 za mwanzo ziishe kwa watu wote. Hapo ndipo uhamishe, ukianza na seva msaidizi. Baadaye tumia amri ya dig ukiwa nje ya mtandao wako, uulize kila seva peke yake. Ila usiulize jina jipya kupitia kache ya mtoa huduma kabla hujaliweka: jibu la "halipo" nalo huhifadhiwa, na utakaa unaliangalia jina lako lililo sahihi likikataa kufunguka.