Baada ya Hogo Kukatwa: Mwongozo kwa Mgonjwa wa Mifupa na Viungo Mkoani Singida

Siku hogo linapokatwa mguuni, wagonjwa wengi wa mkoa huu huihesabu kuwa siku ya kupona. Picha ya eksirei imeonyesha kwamba mfupa umeshikana, daktari ameridhika, na ndugu wamekwisha kutafuta usafiri wa kurudi kijijini. Kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, siku hiyo hiyo ndiyo inayofungua nusu ya pili ya matibabu. Tofauti hiyo ya hesabu huzaa manung'uniko mengi: mgonjwa huona anazungushwa, mtaalamu huona amekimbiwa, na goti hubaki limekakamaa.

Mfupa wa muundi au wa paja wa mtu mzima huhitaji kwa kawaida miezi 3 hadi 6 kuunga vyema. Katika muda huo kiungo kilichofungwa hakikunjwi. Misuli ya paja hunyauka, kano hufupika, na tishu zilizo ndani ya goti hushikamana. Eksirei haionyeshi hayo, kwa sababu huonyesha mfupa. Ndiyo maana mtu aweza kuambiwa mfupa wake umeunga, na kwa kweli umeunga, ilhali hawezi kupanda ngazi.

Kipimo cha kupona nacho si kimoja kwa watu wote. Goti linalokunjika nyuzi 90 humtosha karani anayekaa kitini mchana kutwa. Halimtoshi mkulima wa alizeti wa Mkalama au wa vitunguu wa Ikungi, ambaye sharti achutame chooni, akalie kigoda na kuinama na jembe. Kuchutama hutaka goti likunjike zaidi ya nyuzi 120. Mgonjwa asione haya kueleza kliniki shughuli zake za kila siku. Kauli kama “choo chetu ni cha kuchutama” au “kazi yangu ni kuendesha bodaboda” humsaidia mtaalamu kupanga tiba kuliko malalamiko ya jumla ya maumivu. Kwa bahati mbaya swali hilo huulizwa mara chache, basi lisemwe hata kama halikuulizwa. Wakati nao una uzito wake. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Anayekosa nguvu za mguu katika miezi hiyo hupoteza mavuno ya mwaka mzima.

Ukisikiliza wagonjwa wanaotoka kliniki za mazoezi, manung'uniko hurudia mambo machache. Wamengoja saa nyingi na kuhudumiwa dakika chache. Wameonyeshwa zoezi mara moja, wakafika nyumbani wakiwa wamelisahau. Wameambiwa warudi mara mbili kwa wiki, na hakuna aliyewauliza wanatoka wapi. Hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Kwa mtu wa Sepuka, wa Nduguti au wa vijiji vya ndani ya Itigi, nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na ya msindikizaji, aghalabu huizidi gharama ya huduma yenyewe. Mgonjwa huhudhuria mara mbili au tatu, fedha huisha, naye hutoweka kimya kimya kwa sababu anaogopa kukaripiwa.

Heri kusema mapema. Mtaalamu akijua kwamba mgonjwa anaweza kufika mara moja tu kwa mwezi, anaweza kumpangia mazoezi ya nyumbani, akatumia ziara hiyo kupima maendeleo na kuongeza uzito wa zoezi. Matatizo mengi ya kukakamaa baada ya kuvunjika hayahitaji mashine. Yanahitaji zoezi sahihi linalorudiwa kila siku, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika juu ya mkeka: kukaza msuli wa paja kwa sekunde 5 na kuulegeza, kuburuta kisigino polepole kuelekea tako, kukunja na kukunjua kifundo cha mguu. Mwombe mtaalamu akuone ukilifanya zoezi mwenyewe kabla hujatoka, kulitazama hakutoshi. Omba pia akuandikie idadi ya mizunguko, au akuruhusu ndugu yako apige picha ya video kwa simu. Ombi hilo ni la kawaida, wala halimvunjii mtaalamu heshima.

Yako maswali ambayo mgonjwa asiondoke bila majibu yake, na la kwanza ni la kukanyagia. Je, mguu usiguse chini kabisa, uguse tu bila kubeba uzito, ubebe uzito kidogo, au ubebe wote? Maneno “tembea taratibu” hayajibu swali hilo, na kulikosea huweza kupinda mfupa ambao haujakomaa au kukatisha vyuma vilivyowekwa ndani. Swali la pili ni kuhusu maumivu. Maumivu ya kuvutwa yanayotulia muda mfupi baada ya zoezi ni ya kutarajiwa. Kiungo kikivimba, kikiwa cha moto na kuuma mpaka kesho yake, zoezi limezidi kiasi. Homa, usaha kwenye kovu, au chuma kinachotokeza nje ni mambo ya kurudi hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Ndama ya mguu inayovimba na kuuma ghafla ni hatari pia, hasa ikiambatana na pumzi kubana, kwa sababu huweza kuwa dalili ya damu iliyoganda. Mgonjwa huyo apelekwe siku hiyo hiyo.

Magongo yanastahili aya yake, maana mengi huazimwa kwa jirani au huchongwa na fundi seremala bila kipimo. Mgonjwa akisimama wima na viatu vyake, ncha ya juu ya gongo iwe chini ya kwapa kwa upana wa vidole viwili au vitatu, na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono ili kiwiko kikunjike kidogo. Uzito hubebwa na viganja. Anayening'iniza mwili kwa makwapa hubana mishipa ya fahamu, na baada ya wiki kadhaa huweza kupata ganzi na udhaifu wa mkono, ikawa maradhi mapya juu ya yale ya mguu. Chini pawe na mpira. Kipande cha tairi kilichofungwa vizuri ni bora kuliko mti mtupu juu ya sakafu ya saruji yenye maji. Fundi mzuri akipewa vipimo hivi hutengeneza gongo lisilopungukiwa na lolote mbele ya yale ya dukani.

Kuhusu mahali pa kwenda, utaratibu wa rufaa huanzia zahanati na kituo cha afya, hupita hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida. Ziko pia hospitali za mashirika ya dini ambazo wananchi wamezitegemea kwa miaka mingi, kama Makiungu wilayani Ikungi na Mtakatifu Gaspar pale Itigi. Na watu wa Mkalama huvuka mpaka wa mkoa kwenda Haydom, wilayani Mbulu. Juu ya hapo kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, KCMC mjini Moshi, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Wanaohitaji mguu bandia au vifaa vya kushikilia viungo wafahamu kwamba Moshi ndipo kilipo chuo cha mafundi sanifu wa vifaa hivyo, TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981. Daktari bingwa wa mifupa hayupo kila hospitali wala kila siku. Kabla ya kupanda basi, piga simu au mwombe mhudumu wa zahanati yako aulize siku ya kliniki. Safari ya bure ya kilomita 100 haimlipi mtu yeyote.

Usisafiri bila karatasi. Picha za eksirei, muhtasari wa matibabu, fomu ya rufaa, na maelezo ya aina ya vyuma ulivyowekewa ni urithi wa mwili wako. Daktari wa pili asipoviona hulazimika kuanza upya, na gharama ya kuanza upya unailipa wewe. Hospitali inayotunza picha kwenye kompyuta iombwe nakala. Haidhuru kupiga picha ya kila karatasi kwa simu, kwa kuwa mvua na mchwa havichagui.

Malipo katika hospitali za serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo watu huiita kontroo namba, na kila malipo yana stakabadhi. Anayekutaka umpe fedha mkononi ili “akusogeze mbele” anaomba rushwa, na TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa simu namba 113. Mwenye bima aulize kabla ya kuhudumiwa, si baada: je, kadi inalipia vikao vingapi vya mazoezi, na je, inalipia magongo, mkanda wa kiuno au kiti mwendo? Vitita vya mafao hubadilika, na lililokuwa kweli kwa jirani mwaka jana huenda si kweli leo. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao kaya ya watu 6 ilikuwa ikichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, uliwekewa ngazi za zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Anayepewa rufaa kwenda Dodoma au Dar es Salaam asiende akiamini kadi hiyo itamfuata. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, pamoja na watoto wa chini ya miaka 5, wamo katika sera ya msamaha. Mlango wake ni kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na barua ya serikali ya kijiji au mtaa hurahisisha kazi.

Aliyeumia barabarani ana mambo mawili ya ziada. Barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Mwanza inapita katikati ya mkoa, na bodaboda zimeongeza idadi ya miguu iliyovunjika katika wodi zetu. Fomu ya polisi ya PF3 itafutwe, lakini uhai hutangulia karatasi: majeruhi hupelekwa hospitali kwanza. Kisha ndugu waandike namba ya usajili ya chombo kilichomgonga. Sheria inamtaka kila mwenye chombo cha moto barabarani awe na bima ya mtu wa tatu, na kwa namba hiyo bima huhakikiwa katika mfumo wa TIRA. Mara nyingi familia hupatana na dereva kwa fedha kidogo siku ya kwanza, kabla hazijajulikana gharama za miezi sita ya mazoezi. Mapatano ya namna hiyo yasiharakishwe. Aliyeumia kazini aulize kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake na hugharamia pia huduma za utengamao.

Waganga wa jadi wanaounga mifupa wanaheshimika huku, na kuwabeza hakumsaidii mgonjwa. Wapo wanaojua kunyoosha mkono wa mtoto uliovunjika kwa namna nyepesi. Hatari kubwa ni gango linalofungwa kwa nguvu mno, na hogo la hospitali lina hatari hiyo hiyo. Vidole vikipoa, vikififia au kuwa vyeusi, vikipata ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, gango lilegezwe mara moja na mgonjwa akimbizwe hospitali; saa chache huweza kutenganisha mkono mzima na mkono uliokatwa. Mfupa uliotokeza nje ya ngozi haupaswi kamwe kufungwa nyumbani. Mganga anayefuata sheria amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na kumwomba cheti si ushari. Hali kadhalika kwa kliniki binafsi: cheti cha usajili kinabandikwa ukutani, na mtaalamu ana leseni hai ya baraza la taaluma yake. Kifaa kinachoshikwa mkononi na kudaiwa kupima “mwili mzima”, au kitanda cha joto kinachodaiwa kuponya uti wa mgongo, kisukari na presha kwa pamoja, ni biashara ya maneno.

Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda apelekwe katika wiki zake za kwanza. Tiba inayotumika duniani kote, iliyoanzishwa na Dkt. Ignacio Ponseti, hunyoosha unyayo kwa mahogo yanayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida kati ya 5 na 7, na mara nyingi bila upasuaji mkubwa. Kisha huvaliwa viatu vyenye kipande cha chuma, kwanza mchana na usiku kwa miezi 3, baadaye wakati wa kulala tu hadi miaka 4 au 5. Wazazi huviacha viatu hivyo kwa sababu mguu unaonekana mzuri. Hapo ndipo hupinda tena. Kuhusu matege, maji ya visima vingi vya Singida yana floraidi nyingi, na floraidi ikizidi huharibu meno na hatimaye mifupa. Mtoto mwenye matege achunguzwe hospitali, na kisima kinachotumiwa na familia kiulizwe kwa mamlaka ya maji: kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita.

Lalamiko hupelekwa kwanza kwa msimamizi wa kitengo, kisha kwa mganga mfawidhi wa hospitali. Lisipojibiwa, hupelekwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Liandikwe kwa tarehe, kitengo, huduma iliyoombwa na jibu lililotolewa, na nakala ya stakabadhi iambatishwe. Mgonjwa asiyejua kusoma anaweza kumweleza afisa ustawi wa jamii, naye akaliandika kwa niaba yake. Kulalamika hakumwondolei mtu haki ya kuendelea na kliniki. Tarehe yake ya mazoezi inabaki pale pale.