Mahindi Mabichi: Yachemshe Kwanza, Ndipo Uyahifadhi

Leo tuzungumze juu ya kuhifadhi mahindi mabichi nyumbani.

Mkulima wa Misungwi, Magu au Sengerema aliyewahi kupeleka mahindi mabichi mjini Mwanza anaijua hasara yake. Asubuhi yamevunjwa, ni laini na matamu. Jioni mnunuzi anabonyeza punje kwa ukucha, anatikisa kichwa na kupunguza bei. Kesho yake hayana tena utamu. Je, yamepatwa na nini?

Jibu ni hili. Hindi likishavunjwa halijafa. Punje zinaendelea kupumua na kugeuza sukari yake kuwa wanga, na joto likizidi kazi hiyo huenda mbio. Mahindi matamu, yaani ile aina inayolimwa hasa kwa kuliwa mabichi, yakikaa kwenye joto la nyuzi 30 yaweza kupoteza nusu hivi ya sukari yake kwa siku moja.

Wanaofanya kazi hiyo ni vitu vilivyomo ndani ya punje viitwavyo vimeng'enya. Baridi ya friza huvipunguzia mwendo tu, haiviui. Kinachoviua ni maji ya moto. Ndiyo maana mtu anayetia mahindi mabichi kwenye friza bila kuyachemsha, baada ya miezi michache hutoa kitu chenye harufu mbaya na ladha ya gunzi.

Jambo hili si geni Usukumani. Akina mama wanaotengeneza matobolwa huchemsha viazi vitamu kwanza, ndipo wakate na kuanika. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa mahindi.

Kwanza, vunja mahindi asubuhi mapema. Ndevu ziwe zimekauka na kuwa za kahawia, na punje ikibonyezwa itoe maji meupe kama maziwa. Ikitoa kitu kizito kama uji, umechelewa. Liache hilo likauke shambani.

Pili, siku hiyo hiyo ambua maganda, toa ndevu na osha. Chemsha maji mengi mpaka yatokote kwa nguvu, kisha tumbukiza mahindi machache machache. Maji yakitokota tena, anza kuhesabu. Ukitaka kukata punje, dakika 4 zatosha. Ukitaka kuhifadhi hindi zima, dogo ni dakika 7, la kiasi 9, kubwa 11.

Tatu, yaopoe na uyatie mara moja kwenye maji safi ya baridi. Badilisha maji hayo mpaka gunzi nalo lipoe. Ukiyafunga yakiwa na moto yataendelea kuiva na kuharibika.

Nne, yachuje maji, kata punje kwa kisu kikali bila kuchimba gunzi, na ufungashe kiasi cha mlo mmoja mmoja. Toa hewa, funga vizuri, andika tarehe. Friza iwe na baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Usiweke mengi kwa mara moja, maana hayataganda upesi. Na sisi wa pwani ya ziwa tukumbuke: samaki wabichi wakae chini, ndani ya chombo chao, maji yao yasidondokee chakula kingine. Mahindi hayo yatakaa vizuri miezi 8 au zaidi.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa huweza kutunza baridi siku 2 hivi, iliyojaa nusu siku 1. Mahindi yakiwa bado na barafu, yagandishe tena. Yakishapata joto kwa saa nyingi, yatupe.

Sasa najua mama mmoja atauliza: "Bwana shamba, sisi hatuna friza wala umeme. Je, tufanyeje?" Swali zuri, mama. Chemsha vilevile, lakini mpaka punje ziive. Zikate, uzitandaze nyembamba kwenye mkeka safi juu ya chanja, juani. Zifunike kwa wavu kuzuia nzi, na uziingize ndani jioni kabla ya umande. Zikiwa ngumu kama changarawe, zitie kwenye chombo kikavu chenye kifuniko cha kubana. Siku ya kupika, ziloweke usiku kucha, kisha zipike na maharage upate makande. Wenyeji wa Amerika ya Kaskazini walikausha mahindi mabichi kwa njia hii tangu zamani.

Lakini usianike siku za mvua. Mahindi yasiyokauka sawasawa huota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kuichemsha hakuiondoi. Mahindi yenye ukungu usile, wala usiwape kuku.

Mwisho, ndugu mkulima, usinunue friza kwa ajili ya mahindi; itumie kama unayo tayari. Tena hesabu kwanza chakula cha nyumba yako. Vunja mabichi kiasi ulichokusudia, mengine yakauke shambani yaingie ghalani. Hindi bichi ni la furaha ya msimu, ghala ni la mwaka mzima.