Ushuru wa Vyombo: Usawa Peke Yake si Haki

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza darasani swali ambalo nililijibu upesi, kama tufanyavyo walimu tunapodhani kwamba somo tumelimaliza. Alitaka kujua tofauti kati ya "ushuru" na "ada". Nilimweleza kwamba maneno yote mawili yametufikia kutoka Kiarabu. La kwanza lina asili moja na "ashara", yaani kumi, ile ile tuisikiayo katika "edashara" na "thenashara"; maana yake ya kale ilikuwa fungu moja katika mafungu kumi. La pili asili yake ni desturi, jambo ambalo watu wamelizoea hata halidaiwi sababu. Mwanafunzi akaandika, nikafuta ubao, kipindi kikaisha.

Jibu lile halikuwa na kosa, ila lilikuwa na upungufu. Upungufu wenyewe niliutambua nilipokuwa ufuoni, pwani ya Kilifi, nikisikiliza wenye vyombo wakibishana juu ya malipo wanayotozwa wanapofika bandarini na samaki wao.

Wasomaji wengi wamekwisha kuisikia Kuruwitu. Iko kusini mwa mji wa Kilifi, jirani na Vipingo. Ukiiacha barabara kuu iendayo Malindi na kushuka upande wa bahari, utaliona wimbi likivunjikia mbali kwenye mwamba, na ndani ya mwamba huo maji yametulia. Maji hayo yaliyotulia ndiyo shamba la mvuvi maskini. Mwenye hori la kasia hathubutu kuuvuka mwamba wakati kusi inapovuma. Riziki yake imo humo ndani. Miaka ya 1990 ilipokuwa inakwisha, samaki walikuwa wamepungua, na joto la bahari la mwaka 1998 likayaua matumbawe mengi ya pwani yetu. Mnamo 2003 wakazi waliunda chama chao cha uhifadhi na ustawi, na miaka michache baadaye wakakubaliana kuifunga sehemu ya maji yao, hekta 30 hivi, asiruhusiwe mtu kuvua humo. Matumbawe yakaanza kupona na samaki wakarejea. Mahali palipofungwa namna hiyo huitwa "tengefu", neno zuri lililotokana na kutenga, ambalo ndugu zetu wa Tanzania wamelitumia katika "mapori tengefu".

Mjadala nilioukuta haukuwa wa Kuruwitu yenyewe. Ulikuwa wa bandari ndogo ya pwani hiyo hiyo, ambayo sitaitaja kwa kuwa nilikuwa mgeni nikisikiliza mambo ya wenyeji. Tulikaa kivulini mwa mkwaju. Ilikuwa imependekezwa kwamba kila chombo kitoe kiasi kimoja kila siku kinapoleta samaki, na fedha hizo zilipie ulinzi wa ufuo, usafi, na ukarabati wa banda la mzani.

"Chombo ni chombo," alisema mwenye mashua ya mashine, mtu mtulivu aliyekaribia miaka arubaini. "Sote tunafunga hapa, sote tunatumia mzani mmoja. Tukianza kusema huyu atoe hiki na yule atoe kile, ndipo fitina itakapozuka. Sawa kwa sawa, mzee wangu, hakuna wa kulalamika."

Mzee mwenye hori alimtazama kwa muda kabla ya kujibu. "Mwanangu, tukila sinia moja, sawa kwa sawa ni haki. Lakini leo wewe umeshusha ndoo nane, mimi nimeshusha mafungu mawili ya tafi. Tukitoa sawa, nani ametoa zaidi?"

Swali la mzee ni la hesabu, na mwalimu wa shule ya msingi anaweza kulipeleka darasani kama lilivyo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kila chombo kinatozwa shilingi 100. Mwenye hori ameuza samaki wa shilingi 800. Mwenye mashua, samaki wa shilingi 8,000. Wa kwanza ametoa shilingi moja katika kila 8 alizopata. Wa pili ametoa moja katika kila 80. Jumla iliyokusanywa ni shilingi 200. Lau shilingi hizo hizo 200 zingegawanywa kwa kadiri ya mauzo, mwenye hori angetoa 18 hivi na mwenye mashua 182. Mwanaisimu hana haki ya kudai kwamba asili ya neno ndiyo hukumu ya matumizi yake ya leo, maana lugha hubadilika. Hata hivyo, yafaa tukumbuke kwamba neno "ushuru" lilizaliwa likiwa na kipimo tumboni mwake: wenye kulipa hawakutakiwa kutoa kiasi kimoja, bali sehemu moja ya kile alichokipata kila mmoja. Sisi tumelihifadhi neno na kukitupa kipimo.

Nilipoitamka hesabu hiyo, mwenye mashua hakukasirika. Alinisahihisha. "Mwalimu, usinihesabie ndoo bila kunihesabia mafuta." Akaeleza jambo linalojulikana na kila baharia: pato la siku haligawanywi kabla ya kutoa gharama za mafuta na chakula, kinachobaki ndicho kinachokatwa mafungu, fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Mwenye ndoo nane ana vinywa vingi nyuma yake. Hoja yake ilikuwa na nguvu, nami niliikubali. Lakini hoja hiyo hiyo inamrudia mwenyewe. Ndani ya chombo hakuna anayethubutu kugawa bila kupima gharama, mtaji na jasho la kila mmoja. Kwa nini basi watu hao hao wakishuka ufuoni waambiwe kwamba kupima ni kuleta fitina?

Mama mmoja mama karanga, ambaye muda wote alikuwa akipara samaki pembeni, aliinua kichwa. "Nyinyi mnagombania nani alipe. Mkishalipa mtapandisha bei, na mimi nitaipandisha kwa mtoto anayetumwa samaki wa shilingi ishirini." Hakuna aliyemjibu, na sidhani kama kulikuwa na jibu. Tozo ya chombo haiishii chomboni. Huteremka mpaka chunguni.

Niliporudi mjini nilisoma habari za wenye vyombo wa mbali sana, watu wa mito na mifereji ya Uingereza na Wales, nikastaajabu kuona kwamba wanabishana vivyo hivyo. Huko kuna taasisi iitwayo Canal & River Trust, ambayo tangu 2012 inatunza njia za maji zenye urefu wa zaidi ya kilomita 3,000. Kila mwenye chombo hukata leseni. Kwa muda mrefu kiasi cha leseni kilitegemea urefu wa chombo. Kuanzia 2020 upana nao ukatiwa katika hesabu. Kufikia hapo, mzee wa hori angeridhika: chombo kikubwa hulipa zaidi. Ila Aprili 2024 ikaja nyongeza ya aina nyingine, iliyowahusu wasio na mahali pa kudumu pa kufungia vyombo vyao. Watu hao, kwa sheria ya 1995, kwa kawaida hawaruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14. Huhama kila mara, na wengi wao chombo ndicho nyumba. Nyongeza hiyo ilianza na asilimia 5, ikapangwa ipande mwaka hadi mwaka mpaka ifike asilimia 25 mwaka 2028. Waliopendekeza walisema kwamba anayehama siku zote huzitumia njia za maji zaidi ya yule anayefunga mahali pamoja. Waliopinga walisema kwamba wanaadhibiwa kwa kukosa uwezo wa kukodi mahali pa kufunga, na kwamba aliye mnyonge zaidi ndiye aliyeongezewa mzigo.

Nani mwenye haki? Kabla ya kuwahukumu Waingereza, tuwatazame wavuvi wetu wa dago. Kaskazi inapovuma, wavuvi kutoka Pemba huvuka kuja pwani ya Kenya, hupiga kambi ufuoni kwa miezi kadhaa, kisha hurejea kwao kabla ya kusi. Kila msimu husikika sauti zisemazo kwamba mgeni atozwe zaidi kwa kuwa anachukua na kuondoka. Zipo pia sauti zisemazo kwamba mgeni huyo huleta ustadi, huleta samaki wengi kwa wachuuzi, na kwamba jamaa wa Kipemba na wa Kimrima wamekwisha kuoana na kuzikana kwa vizazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tuitafakari methali hii vizuri. Haisemi mgeni afukuzwe, wala haisemi apigwe faini kwa kuwa mgeni. Inasema apewe jembe, yaani aingie katika kazi na wajibu kama wenyeji. Akitumia zana zinazoharibu matumbawe, azuiwe kwa uharibifu wake, kama ambavyo mwenyeji angezuiwa. Akilitumia banda, alilipie banda. Kumtoza mtu kwa tendo lake ni jambo moja; kumtoza kwa asili yake ni jambo lingine kabisa.

Katiba ya Kenya ya 2010 inatusaidia zaidi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Kifungu cha 201 kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kifungu cha 209 kinaziruhusu serikali, ya taifa na za kaunti, kutoza malipo kwa huduma zinazotoa. Kifungu cha 210 kinakataza kodi au ada ya leseni isiyotokana na sheria. Nazo kanuni za mwaka 2007 zilizounda vitengo vya usimamizi wa fuo, ambavyo watu wamezoea kuviita BMU, zilikusudia wenye vyombo, mabaharia na wachuuzi wakae katika baraza moja. Kwa hiyo mvuvi anapouliza "nalipia nini?" hafanyi ukaidi. Anauliza swali ambalo sheria yenyewe imelitangulia kuliuliza.

Hapa ndipo ninaporudi Kuruwitu, kwa kuwa tengefu lile limenifunza jambo ambalo hesabu ya ndoo haionyeshi. Maji yanapofungwa karibu na ufuo, anayeumia kwanza ni yule asiyeweza kwenda mbali: mwenye hori, mwenye miguu mitupu na mshipi mkononi. Mwenye mashine huuvuka mwamba na kuendelea na shughuli zake. Baadaye samaki wakiongezeka na kutoka nje ya mipaka ya eneo lililofungwa, faida huwafikia wote, na mwenye chombo kikubwa ana nafasi ya kuchota zaidi. Maana yake ni kwamba mvuvi mdogo amekwisha kulipa. Hakulipa kwa shilingi. Alilipa kwa siku alizorudi nyumbani na kapu jepesi ili matumbawe yapone. Malipo hayo hayana risiti. Mahali popote panapotaka kuuiga mfano wa Kuruwitu, na ni vizuri wauige, sharti kamati iandike daftarini kile ambacho kila mmoja ametoa, pamoja na kile kisichohesabika kwa fedha, kabla ya kuamua nani aongezewe mzigo. Vinginevyo tutamtoza maskini mara mbili, kisha tumwambie kwamba tumetenda usawa.

Siku ile chini ya mkwaju uamuzi haukupatikana. Mtu mmoja alipendekeza madaraja matatu: wavuvi wa miguu na mahori, vyombo vya tanga, na vyombo vya mashine, kila daraja na kiasi chake. Si kipimo kamili, lakini ni kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukiona kwa macho bila kupekua ndoo za mwenzake. Mwenye mashua alinyamaza kidogo, halafu akasema kwamba yuko tayari kutoa zaidi ya mzee, kwa sharti moja tu: daftari la mapato na matumizi libandikwe ukutani pa banda kila mwezi, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa. Mzee akacheka. "Likibandikwa, mwanangu, na mimi nitatoa bila kuitwa."

Mwanafunzi wangu bado ananidai jibu. Nikikutana naye nitamwambia kwamba mtozaji anayeita malipo yake "ushuru" ajiandae kuulizwa ni sehemu gani ya pato la mtu, na anayeyaita "ada" ajiandae kuulizwa yalianza lini na kwa ajili ya nini. Kisha nitampeleka ufuoni akamsikilize mzee wa hori, maana mzee yule hakusoma isimu, na alilieleza somo lile kuliko nilivyolieleza mimi.