Kila Umbo Lina Sababu Yake

Siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani, dadangu alinijia nyumbani baada ya sala ya alasiri. Aliketi barazani, akafungua kitambaa alichokuwa amekikunja kiganjani. Ndani mlikuwa na vikuku vyake vya dhahabu, vile alivyovishwa na marehemu mama yetu siku ya harusi yake.

"Kaka," akaniambia, "nataka unijibu kabla sijavipeleka kwa sonara. Hii anayoitaka mwanangu ni kazi, au ni mchezo?"

Mwanawe ana umri wa miaka 19. Amemaliza sekondari, na tangu utotoni mkono wake hautulii: akipata karatasi atachora, akikosa atachora vumbini. Sasa ameshikilia kwenda ng'ambo kusomea uchoraji wa filamu na michezo ya kompyuta. Baba yake ambaye, kabla ya kuajiriwa bandarini, alikuwa baharia wa majahazi, angependa kijana naye aingie bandarini. Mama yuko kati yao, na dhahabu iko mkononi.

Mimi ni mtu wa mashairi na magazeti, sikuwa na jibu. Nilimwomba dadangu avirudishe vikuku sandukuni hadi nitakapouliza. Haya ndiyo niliyoyapata, na nayaandika hapa kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye mtoto wa aina hiyo.

KAZI YENYEWE

Kabla filamu haijapigwa, na kabla mchezo wa kompyuta haujatengenezwa, yuko mtu anayeketi akachora vitu ambavyo bado havipo: mji, nyumba, chombo, vazi, mnyama. Michoro yake haitundikwi ukutani. Ni ya mafundi, yaani seremala, mshoni, mpiga picha na mtu wa kompyuta, waitazame wajue cha kutengeneza. Wazungu huiita konsepti ati. Sisi na tuiite uchoraji wa dhana. Ni kama ile ramani ambayo mwashi huitaka kabla ya kuweka jiwe la kwanza.

Mfano unaotajwa sana ni wa Mmarekani Ralph McQuarrie, aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 2012. Kabla ya sinema alikuwa akichora michoro ya ufundi katika kampuni ya ndege ya Boeing. Mwaka 1975 George Lucas alikuwa na hadithi ya vita vya angani ambayo wenye fedha hawakuweza kuiona akilini. Akamwendea McQuarrie, naye akamchorea baadhi ya matukio kwa rangi. Michoro ile ilisaidia kuwashawishi wakubwa wa kampuni ya Fox watoe fedha, na filamu ya Star Wars ikatoka mwaka 1977.

Katika hadithi ile mna adui aitwaye Darth Vader, ambaye hutoka chombo kimoja kuingia chombo kingine huko angani pasipo hewa. McQuarrie akajiuliza: mtu huyu atapumuaje? Akamvika barakoa ya kupumulia. Barakoa ile nyeusi, ambayo leo hata mtoto wa Majengo ataitambua, haikuanza kwa kutaka kutisha. Ilianza kwa swali la pumzi.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi hii. Mchoraji wa dhana halipwi kwa kuota ndoto. Hulipwa kwa kuuliza kila kitu kina sababu gani, kisha akaipa sababu ile umbo.

MIJI YETU MIKONONI MWA WENGINE

Filamu hiyo hiyo ilipigwa kwa sehemu nchini Tunisia mwaka 1976. Nyumba aliyokulia shujaa wake ni moja ya nyumba za Matmata, ambako Waberberi walichimba makao yao ardhini ili wayakimbie majoto. Hata jina la sayari yake, Tatooine, limetokana na mji wa Tataouine wa Tunisia. Basi ulimwengu ambao watazamaji waliuona mpya na wa ajabu, kwa Waislamu wa kusini mwa Tunisia ulikuwa ni jikoni kwa bibi zao.

Mwaka 2023 kampuni ya Ubisoft, ya Ufaransa, ilitoa mchezo uitwao Assassin's Creed Mirage, ambao hadithi yake imo katika Baghdad ya karne ya 9. Mji wa mviringo ambao Khalifa al-Mansur aliuanzisha mwaka 762, wenye milango minne ya Khorasan, Sham, Kufa na Basra, haukubakisha hata ukuta. Wachoraji hawakuwa na gofu la kutazama. Ilibidi warejee yaliyoandikwa, na wakawaita wataalamu wa historia ya Kiislamu wawasaidie.

Hilo ni jambo la kusifiwa, lakini tazama, msomaji, lina maana gani. Vijana wetu wanatembea katika Baghdad ile kwa vidole vyao hadi usiku wa manane. Wengi wao hawatafungua kitabu cha tarehe kuhusu Bani Abbas. Baghdad watakayokufa nayo akilini ni ile iliyochorwa Bordeaux. Aliyeuchora mji ndiye aliyekuwa mwalimu wao.

Afrika nayo imeanza kushika kalamu. Mwaka huo huo wa 2023 zilitoka filamu fupi 10 za katuni kwa jina la Kiswahili, Kizazi Moto, kutoka nchi sita za bara hili, na mojawapo, Enkai, iliongozwa na Mkenya Ng'endo Mukii. Lakini Lamu, Pate, Gedi na Mombasa ya kale bado zinamngoja mchoraji wake.

MASOMO

Nilipouliza kinachosomwa nilidhani nitaambiwa kompyuta. La. Kwanza husomwa mstari, kisha mchemraba, kisha mwanga na kivuli. Husomwa elimu ya masafa, yaani jinsi kitu kinavyopungua machoni kadiri kilivyo mbali. Na wanaoifuatilia asili ya elimu hiyo hukutana na Ibn al-Haytham wa Basra, ambaye kitabu chake cha elimu ya kuona kilitafsiriwa kwa Kilatini kikawafaa Wazungu. Husomwa mifupa na misuli, mavazi ya mataifa, na majengo ya zama mbalimbali. Mwanafunzi huambiwa achore kitu kimoja mara 20 au 30 kwa udogo, achague kimoja, kisha aeleze kwa nini amekichagua hicho.

Sisi tuliopitia chuoni hatustaajabu. Maalimu hakutupa sura ndefu siku ya kwanza. Alitupa alifu, tukaiandika hadi mkono ukachoka, kisha akatupa be. Na mshairi naye, kabla hajajifunza mizani, hawezi kujua wapi anaweza kuivunja.

Skuli zipo. Ile ya ArtCenter, iliyoko Pasadena, Marekani, ndiyo aliyosomea McQuarrie, na ndiko alikohitimu mwaka 1959 Syd Mead, aliyechorea filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982. Karo yake inazidi dola 40,000 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 5 zetu. Singapore iko skuli ya FZD, iliyofunguliwa mwaka 2009 na Feng Zhu, mwanafunzi wa zamani wa ArtCenter; kozi yake ni fupi zaidi. Vikuku vya dadangu, vyote pamoja, havifiki hata muhula mmoja wa Pasadena.

Lakini yako yasiyohitaji dhahabu. Huyo Feng Zhu ameweka masomo mengi kwenye mtandao wa YouTube, bure. Programu ya kuchorea ya Krita ni bure, na ya kujengea maumbo, Blender, ni bure vilevile. Filamu ya katuni ya Flow, kutoka nchi ndogo ya Latvia, ilitengenezwa kwa Blender, na mwaka 2025 ikatwaa tuzo ya Oscar.

SWALI LA SHEMEJI

Shemeji yangu aliuliza swali ambalo wengi wenu mmekwisha kuliuliza tangu mstari wa kwanza: na kuchora kwenyewe, kunafaa? Mimi si mufti. Maulamaa wametofautiana juu ya picha, na kila mtu amwendee shekhe wake. Nilichomkumbusha ni habari maarufu ya Ibn Abbas, radhi za Allah zimshukie, alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa ni kutengeneza picha. Baada ya kumwonya, alimwelekeza, ikiwa hana budi, achore miti na vitu visivyo na roho. Na katika fani hii wako watu ambao maisha yao yote ni majengo, vyombo vya bahari, misitu na vyombo vya nyumbani. Kijana aliyezaliwa kati ya milango ya nakshi na majahazi hana haja ya kuanza na nyuso za watu.

GEDI

Basi nikampa mpwa wangu mtihani. Nikamwambia, "Nichoree Gedi kama ilivyokuwa kabla haijahamwa." Mji ule uliachwa katika karne ya 17, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia. Nilijua amekwisha kwenda huko na skuli.

Baada ya wiki aliniletea mchoro mzuri mno. Msikiti ulikuwa na kuba na minara miwili mirefu. Nyumba zilikuwa na kumbi pana kama za harusi.

"Minara hii umeiona wapi?" nikamwuliza.

Akanyamaza kidogo. "Katika mchezo, mjomba."

Sikumcheka. Nilimchukua hadi Mji wa Kale, katika nyumba ya jamaa zetu, nikampa tepe apime chumba. Ni kirefu, lakini upana wake haufiki mita 3. Nikamwuliza sababu, hakujua. Nikamwonyesha dari: boriti za mkoko. Boriti haiwezi kubeba chokaa na mawe ikiwa ndefu mno, kwa hiyo mti wa mkoko ndio ulioamua upana wa chumba cha Mswahili. Nikamwambia kuwa misikiti mingi ya kale ya pwani hii haikuwa na minara. Mwadhini alipanda ngazi akaadhini darini. Akauliza mwenyewe kwa nini mtu akiingia kutoka dakani hupinda kwanza kabla ya kuuona ua. Nikamjibu: sitara. Mpita njia asiwaone wenye nyumba.

Akaandika yote hayo kando ya mchoro. Kisha akauchana mchoro.

Kwa miezi mitatu alikwenda Gedi mara nne kwa matatu, na tepe, na daftari. Mchoro wa pili hauna minara. Una kichochoro chembamba, ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa, na mwanga unaoingia kutoka uani ukafika vidakani umekwisha kuchoka. Nilipouona nilihisi nasikia mtu akiteka maji kisimani.

JIBU LANGU

Nimemwambia dadangu kweli yote. Kazi hii ni ngumu kuipata. Mwaka 2023 na 2024 makampuni ya michezo yaliwaachisha kazi maelfu ya watu. Tangu mwaka 2022 zimeenea pia mashine za akili mnemba zinazochora mara tu ukiziandikia maneno. Na mwezi wa Januari 2023 Karla Ortiz, mchoraji wa dhana aliyefanya kazi katika filamu ya Doctor Strange, pamoja na wenzake wawili, walizishtaki kampuni za mashine hizo huko California kwamba zilifunzwa kwa kazi za wachoraji bila ruhusa. Mchoro ule wa kwanza, wa minara na kumbi pana, mashine ingeutoa mara moja, na yeyote anayechora namna ile hana la kumzuia mwajiri asiitumie. Ule wa pili ulitaka mtu mwenye tepe na masuali.

"Ni kazi, dada," nikamwambia, "si mchezo. Lakini usiuze bado. Mpe mwaka mmoja wa mambo ya bure. Akikusanya michoro 20 kama huu wa pili, tutaandika barua Singapore na kwingineko, na tutaomba msaada wa karo. Asipofika 20, vikuku vitakuwa salama."

Jana usiku nilipita kwao. Kijana alikuwa akichora jahazi likiingia mlangoni mwa bandari. Baba yake, ambaye tangu mwanzo hakutaka kuitazama hata karatasi moja, alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa.

"Foromali haikai hivyo," alisema. "Pepo za kusi zikija, chombo kinapinduka. Nipe hiyo kalamu."

Kahawa ikapoa mezani. Nilipoaga hawakunisikia.